Homa ya Marburg: ugonjwa wa nadra, unaoua, lakini unaoweza kuzuiwa



Katika somo hili tutajifunza juu ya homa ya Marburg. Ni ugonjwa wa nadra. Watu wengi wataishi maisha yao yote bila kumwona mgonjwa hata mmoja wa Marburg. Lakini ukiingia mahali ambapo watu wanaishi karibu karibu, wanatumia bomba moja la maji na kuuguzana nyumba kwa nyumba, unaweza kuua watu wengi kwa muda mfupi. Kambi ni mahali pa namna hiyo.

Katika milipuko yote tutakayoitaja hapa, hakuna uliotokea Burundi. Basi kwa nini tujifunze? Kwa sababu majirani zetu wameupata, tena si zamani. Mwaka 2023 na mwaka 2025 ulitokea mkoani Kagera, Tanzania. Mwaka 2024 ulitokea Rwanda. Anayetoka Gitega akapitia Muyinga hadi mpaka wa Kobero, akivuka tu yuko Ngara, mkoani Kagera. Watu wanavuka kwenda sokoni, kulima vibarua, kutembelea ndugu na kuzika. Ugonjwa nao unaweza kuvuka pamoja na mtu bila yeye mwenyewe kujua.

Soma somo hili pamoja na watu wa nyumbani mwako. Msomee asiyejua kusoma.

1. Marburg ni nini?

Marburg ni homa kali inayosababishwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Virusi vya Marburg ni ndugu wa virusi vya Ebola. Wale waliotoka Kivu ya Kaskazini wanaikumbuka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287. Magonjwa haya mawili yanafanana kwa dalili, kwa njia za kuambukiza na kwa njia za kujikinga. Hata hivyo ni magonjwa mawili tofauti: chanjo ya Ebola waliyopewa watu wengi wa Beni na Butembo haimkingi mtu na Marburg.

Jina Marburg ni la mji mmoja wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, na katika mji wa Belgrade, waliugua homa isiyojulikana baada ya kufanya kazi na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Ndipo virusi hivi vilipojulikana kwa mara ya kwanza.

2. Umetokea wapi karibu nasi?

Tuitazame milipuko michache, kwa sababu kila mmoja una fundisho lake.

Durba na Watsa, kaskazini mashariki mwa Kongo, 1998 hadi 2000. Walioanza kuugua walikuwa vijana wachimbaji wa dhahabu walioingia katika shimo la Goroumbwa, lililokuwa na popo wengi. Watu 154 waliugua na 128 walikufa. Yaani katika kila wagonjwa 10, zaidi ya 8 walikufa. Ugonjwa ulikwisha baada ya shimo lile kujaa maji.

Uíge, Angola, 2004 hadi 2005. Zaidi ya watu 200 walikufa. Watu waliogopa sana magari ya wahudumu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, waliokuja kuchukua wagonjwa na maiti. Siku moja wakazi waliyashambulia magari hayo, na timu za afya zikalazimika kusimamisha kazi kwa muda. Wagonjwa walifichwa majumbani, na ugonjwa ukaendelea.

Bukoba Vijijini, Kagera, 2023. Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko tarehe 21 Machi 2023. Wagonjwa 9 walihesabiwa na 6 kati yao walikufa, akiwemo mhudumu wa afya. Watu waliogusana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kila siku. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kuwa mlipuko umekwisha. Haukutoka nje ya eneo lile.

Rwanda, 2024. Mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Septemba 2024. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana mfanyakazi wa mgodi uliokuwa na popo. Watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya wa hospitali za Kigali. Walikufa 15 na wakapona 51. Mlipuko ulikwisha tarehe 20 Desemba 2024.

Biharamulo, Kagera, Januari 2025. Watu 10 walihesabiwa, na wote 10 walikufa. Wawili tu ndio waliothibitishwa kwa kipimo. Wale wengine 8 walihesabiwa kutokana na dalili zao na watu waliogusana nao. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Wilaya ya Biharamulo inapakana na Ngara, na Ngara inapakana na Muyinga.

Linganisha Rwanda na Biharamulo. Rwanda, katika kila wagonjwa 4, watatu walipona. Biharamulo hakupona hata mmoja. Virusi ni vile vile. Wagonjwa wengi wa Rwanda walijulikana mapema, wakalazwa, wakapewa maji, oksijeni na dawa. Siku ambayo mgonjwa anafika mbele ya mganga ina uzito mkubwa sana. Hilo ndilo fundisho kuu la somo hili, nasi tutalirudia.

3. Virusi hivi vinakaa wapi?

Vinakaa katika popo. Si popo wote, bali hasa aina moja ya popo wanaokula matunda, ambao hulala mchana kwa maelfu katika mapango na mashimo ya migodi. Popo mwenye virusi haugui. Virusi hutoka katika mate yake, mkojo wake na kinyesi chake. Mtu akikaa kwa muda mrefu ndani ya pango au shimo lenye popo hao anaweza kuambukizwa.

Baadhi ya watu husema: "Basi tuwaue popo wote." Hilo lilijaribiwa. Katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Baadaye watu wakaingia na kuwaangamiza popo wa mgodi ule. Baada ya muda popo wengine walirudi, na wataalamu walipowapima walikuta virusi vimeongezeka: kabla, popo 5 hivi katika kila 100 walikuwa na virusi, baadaye walikuwa 13 katika kila 100. Mwaka 2012 ugonjwa ukatokea tena kwa watu wa sehemu ile ile ya nchi. Kuwavuruga popo ni hatari kuliko kuwaacha.

Kwa hiyo:

- Usiingie katika mapango au mashimo ya migodi yenye popo. Wakataze na watoto.
- Usiguse popo aliyekufa au mgonjwa. Usiwinde wala kula popo.
- Usiguse mnyama wa porini uliyemkuta amekufa, na usimlete nyumbani kuwa kitoweo.
- Tunda lililotafunwa na popo au ndege litupwe. Matunda mengine yaoshwe kwa maji safi na kumenywa.

4. Mtu anamwambukizaje mwenzake?

Popo humpa mtu mmoja. Baada ya hapo ni mtu kwa mtu, na hapa ndipo watu wengi wanapokufa.

Virusi vimo katika damu ya mgonjwa, matapishi, kinyesi, mkojo, mate, jasho, maziwa ya mama na mbegu za kiume. Vinaingia kwa mtu mwingine kupitia macho, mdomo, pua, au ngozi yenye kidonda au mchubuko, hata mdogo usiouona. Basi mtu anaweza kuambukizwa:

- akimwogesha, akimlisha au akimfuta mgonjwa kwa mikono mitupu;
- akifua nguo au mashuka ya mgonjwa, au akilalia mkeka wake;
- akichomwa sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, au akichanjwa kwa wembe uliotumika;
- akiosha, akikumbatia au akibusu maiti;
- akifanya tendo la ndoa na mgonjwa, au na mwanamume aliyepona karibuni.

Angalia orodha hii vizuri. Mambo mengi yaliyomo ni mambo mema. Ni mama anayemwuguza mtoto, ni kaka anayemwosha kaka yake aliyefariki. Marburg inapita katika mikono ya wale wanaopenda. Ndiyo maana mara nyingi inaua watu wa nyumba moja, na ndiyo maana inawaua waganga na wauguzi.

Sasa tuseme njia ambazo haiambukizi. Marburg haienei kwa hewa kama surua. Haiambukizwi na mbu. Na mtu ambaye bado hajaanza kuugua haambukizi wengine. Anaanza kuambukiza pale dalili zinapoanza, na anazidi kuambukiza kadiri anavyozidiwa. Maiti ndiyo yenye hatari kubwa kabisa.

5. Dalili zake

Tangu siku mtu anapoambukizwa hadi siku anapoanza kuugua hupita siku 2 hadi 21. Namba 21 ikumbuke, tutaitumia tena.

Siku za kwanza: ugonjwa huanza ghafla. Homa kali, kichwa kuuma sana, maumivu ya misuli na viungo, mwili kuishiwa nguvu.

Kuanzia siku ya 3 hivi: kuharisha maji maji, tumbo kuuma, kichefuchefu na kutapika. Macho yanaingia ndani, uso unakosa uhai. Wengine hutokwa na upele usiowasha.

Kuanzia siku ya 5 hadi ya 7: baadhi ya wagonjwa hutokwa na damu: katika matapishi, katika kinyesi, puani, kwenye fizi, au mahali walipochomwa sindano.

Wanaokufa hufa mara nyingi siku ya 8 au ya 9 tangu kuanza kuugua.

Usisubiri damu! Si wagonjwa wote wanaotokwa na damu, na anayetokwa na damu tayari ana siku kadhaa za kuugua na kuambukiza wenzake.

6. Nitajuaje kama ni malaria au Marburg?

Kwa macho hutajua. Hata mganga hawezi kujua kwa macho. Inahitajika damu ipelekwe maabara.

Homa nyingi tunazoziona hapa ni malaria. Nyingine ni homa ya matumbo, au kuhara kunakoletwa na maji machafu. Kwa hiyo mtoto akishikwa na homa usiku, usianze kupiga kelele kwamba Marburg imeingia. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria, kama siku zote.

Lakini jiulize maswali haya matatu:

1. Je, katika siku 21 zilizopita mgonjwa alifika mahali penye ugonjwa huu, au aliingia pangoni au mgodini?
2. Je, alimwuguza mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, au alihudhuria maziko yake na kugusa maiti?
3. Je, ametumia dawa ya malaria kama alivyoagizwa na homa haishuki, au katika nyumba hiyo hiyo kuna watu wawili au zaidi wanaougua namna moja?

Jibu likiwa "ndiyo" kwa swali lolote kati ya haya, mwambie mhudumu wa afya mara moja, hata kama hakukuuliza. Kumbuka pia kwamba mtu anaweza kuwa na malaria na Marburg kwa wakati mmoja. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, usiache kusema kuhusu safari au maziko.

Mfano wa karibu ni huu. Mwezi Machi 2023, katika siku zile zile za mlipuko wa Bukoba, watu kadhaa walikufa huko Kirundo, kaskazini mwa Burundi, wakitokwa na damu puani. Habari zilitolewa, vipimo vikachukuliwa, na Wizara ya Afya ikasema haikuwa Ebola wala Marburg. Je, waliotoa habari walikosea? Hapana. Walifanya sawasawa. Ni heri taarifa kumi ambazo si Marburg kuliko mgonjwa mmoja wa Marburg aliyefichwa.

7. Mfano wa kujifunzia: nyumba moja, njia mbili

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini unaweza kutokea katika mtaa wowote wa kambi.

Baba Furaha alivuka mpaka kwenda kuzika mkwe wake. Alitoka kambini bila karatasi ya ruhusa. Huko alisaidia kubeba maiti. Amerudi, na baada ya siku nane anashikwa na homa kali, kichwa na kutapika.

Njia ya kwanza. Mke wake anaogopa kwamba wakienda kituoni wataulizwa juu ya safari, na labda watapata matatizo. Anakaa kimya. Jirani mwenye sindano anakuja kumchoma dawa. Dada yake anakuja kumwogesha. Matapishi yanafutwa kwa kitambaa ambacho baadaye kinafuliwa bombani. Siku ya sita wanampeleka kituoni akiwa amezidiwa, wanasema ni malaria tu. Muuguzi anampokea bila kujikinga. Siku ya nane anakufa. Baada ya wiki mbili wanaugua mke, dada, jirani na muuguzi.

Njia ya pili. Siku ile ile ya kwanza mke anamwita mhamasishaji wa afya wa mtaa. Anasimama mlangoni na kusema: "Mama, baba Furaha ana homa. Usiingie kwanza. Wiki iliyopita alikwenda kuzika ng'ambo." Mhamasishaji anabaki nje, anatoa taarifa kituoni. Wahudumu wanakuja wamevaa mavazi ya kujikinga, wanamchukua, damu yake inapimwa. Ikiwa si Marburg, anatibiwa na kurudi. Ikiwa ni Marburg, amefika mapema, ana nafasi ya kupona, na walioguswa ni wawili au watatu tu, nao wanajulikana kwa majina.

Tofauti ya njia hizi mbili ni sentensi moja iliyosemwa mlangoni. Mhudumu wa afya akikuuliza "Ulikwenda wapi?", anauliza kwa ajili ya matibabu. Mwambie kweli. Nanyi viongozi wa mitaa, msimtishe mtu kwa sababu ya safari aliyoitaja akiwa mgonjwa. Mkimtisha mmoja, wengine kumi watanyamaza.

8. Tukiwa tunasubiri wahudumu, tufanye nini?

- Mgonjwa akae peke yake, katika chumba au sehemu ya nyumba iliyotengwa kwa pazia au turubai. Awe na sahani, kikombe, ndoo na mkeka wake mwenyewe.
- Mtu mmoja tu amhudumie. Asiwe mama mjamzito, wala anayenyonyesha, wala mtoto.
- Mhudumie huyo asiguse mgonjwa wala uchafu wake kwa mikono mitupu. Avae glavu. Kama hakuna, mgonjwa mwenye nguvu ajinyweshe mwenyewe; muwekee kikombe karibu na usogee nyuma.
- Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, mara nyingi: maji safi, uji mwepesi, au maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kama mlivyofundishwa kituoni.
- Akitapika au kuharisha sakafuni, usifute. Zuia watoto na kuku wasipite hapo. Waachie wahudumu wenye dawa ya klorini.
- Usifue nguo zake, na usizipeleke bombani wala mtoni.
- Mama mgonjwa asinyonyeshe. Waambie wahudumu kuna mtoto mchanga ili wamsaidie kupata chakula kingine.
- Nawa mikono kwa maji na sabuni kila mara. Weka kibuyu chirizi mlangoni: dumu lenye tundu, linaloinamishwa kwa kukanyaga kamba, bila kushikwa kwa mkono.
- Usimwite mtu wa kuchoma sindano, wala wa kuchanja. Usimhamishe mgonjwa kwa nyumba ya ndugu, wala kumpakia kwenye baiskeli au pikipiki.

9. Je, kuna dawa?

Hakuna chanjo ya Marburg iliyokwisha kuidhinishwa, wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Nchini Rwanda mwaka 2024 chanjo na dawa za majaribio zilitumika, na utafiti unaendelea.

Lakini usiseme "hakuna dawa, basi abaki afe nyumbani". Mgonjwa wa Marburg hupoteza maji mengi na nguvu za mwili. Hospitali inamrudishia maji kwa dripu, inampa oksijeni, inatibu malaria au ugonjwa mwingine ulioungana na huo, inapunguza maumivu. Mwili ukishikiliwa hivyo kwa siku kadhaa hupata nafasi ya kupigana na virusi. Hivyo ndivyo wengi wa Rwanda walivyopona.

10. Kifo na maziko

Hili ni jambo gumu, na hatutalisema kwa haraka. Kwetu sote, Mkristo na Mwislamu, Mfulero na Mbembe, kuosha maiti na kukaa matanga ni heshima ya mwisho. Lakini maiti ya aliyekufa kwa Marburg imejaa virusi. Mtu mmoja akiioshwa kwa desturi, waliomwosha wanaweza kumfuata.

Ikitokea kifo kinachotiliwa shaka, msiguse mwili, msiuvalishe nguo, msiuhamishe. Iteni wahudumu. Wao wataufunga katika mfuko maalumu na kuuzika kwa usalama. Familia ina haki yake: kuambiwa ukweli, kuonyeshwa kaburi, kuchagua mahali pa kuzika panapowezekana, kuwa karibu kwa umbali salama, na kiongozi wa dini kuomba dua au sala. Ombeni hayo waziwazi. Viongozi wa dini, mnaombwa mwaeleze waumini mapema, kabla ya msiba, kwamba Mungu haoni ibada imepungua kwa sababu mikono haikugusa. Baada ya hapo, wakati wa hatari ukiisha, matanga yanaweza kufanywa kwa utulivu.

11. Siku 21 za waliogusana na mgonjwa

Mtu aliyemgusa mgonjwa au maiti si mgonjwa. Huenda hataugua kamwe. Lakini anatakiwa kufuatiliwa kwa siku 21: kupimwa joto kila siku, kukaa karibu na nyumbani, kutosafiri, na kutoa taarifa akisikia homa. Zikipita siku 21 bila dalili, yuko huru kabisa.

Ni siku ndefu kwa mtu anayeishi kwa mgao na kibarua. Ndiyo maana kila mtaa upange mapema: nani atawachotea maji? Nani atawafikishia mgao wao na kuni mlangoni? Nani atawaangalia watoto wao? Mtu asiyeletewa maji atakwenda bombani mwenyewe. Mtaa unaomlisha aliye katika siku 21 unajilinda wenyewe.

12. Waliopona

Aliyepona na kuruhusiwa na mganga haambukizi kwa kusalimiana, kula pamoja wala kukaa pamoja. Mpokeeni. Jambo moja tu: kwa wanaume, virusi vinaweza kubaki katika mbegu za kiume kwa muda baada ya kupona. Atumie kondomu kama atakavyoelekezwa, kwa miezi 12 au hadi vipimo vionyeshe mara mbili kwamba hana virusi.

13. Maswali yanayoulizwa

*Je, ni uchawi au sumu?* Hapana. Ugonjwa unafuata mikono iliyogusa. Watu wa nyumba moja hufuatana kwa sababu waliuguzana, si kwa sababu mtu amewaroga. Kumsingizia jirani kunaleta vita na hakuponyi mtu.

*Kwa nini wanaopelekwa hospitali wanakufa huko?* Wengi hupelekwa wakiwa wamechelewa. Anayefika siku ya kwanza ana nafasi kubwa kuliko anayefika siku ya sita.

*Je, tuwakatae wageni wapya wanaofika kambini?* Hapana. Mgeni asiye na dalili haambukizi. Mfukuzeni, naye atapita porini bila kupimwa wala kuulizwa. Mpokeeni, apite kituo cha afya, aeleze alikotoka.

*Je, pombe kali, vitunguu au maji ya chumvi vinakinga?* Hapana. Kinachokinga ni kutogusa majimaji ya mgonjwa, kunawa kwa sabuni, na kutoa taarifa mapema.

14. Mambo matano ya kukumbuka

1. Acha popo, mapango na mizoga.
2. Homa pamoja na safari, maziko au mgonjwa mwingine nyumbani: toa taarifa siku hiyo hiyo.
3. Usiguse majimaji ya mgonjwa, wala maiti.
4. Usifiche. Sema ukweli kuhusu ulikopita.
5. Wasaidie walio katika siku 21, na wapokee waliopona.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika mtaa wetu, mgonjwa mwenye homa huenda kwa nani kwanza? Je, huyo mtu anajua maswali matatu ya sehemu ya 6?
- Ni sababu gani zinazoweza kumfanya mtu wa hapa afiche safari yake? Tufanye nini ili asifiche?
- Nyumba moja ikiambiwa ikae siku 21, ni nani watakaoiletea maji na mgao? Andikeni majina yao leo, kabla hayajahitajika, mkampe mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu.